Corolla KE70: Gari Lililotoa Taarifa Kabla ya Kukwama

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, popote mlipo ndani na nje ya Dar es Salaam. Leo tunazungumzia Toyota Corolla ya muundo wa KE70, ile ya pembe pembe iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1979, ambayo wazee wetu bado wanaitaja kwa sauti ya heshima. Tumewatembelea watu kadhaa waliowahi kuimiliki, na karibu wote wametuambia sentensi ileile, kwamba gari lile halikuwahi kuwaacha njiani. Kaka Saidi, mimi sentensi hiyo nina mashaka nayo.

SAIDI: Na una haki ya kuwa na mashaka, dada Rehema, kwa sababu ukiendelea kukaa na mtu huyohuyo kwa nusu saa zaidi, atakusimulia jinsi alivyolala Chalinze akisubiri kukuche ili fundi apatikane. Hasemi uongo. Ninavyoona mimi, anachokikumbuka ni kwamba safari iliendelea. Gari liliharibika, likatengenezwa palepale lilipoharibikia, naye akafika alikokuwa anakwenda, basi katika hesabu yake hilo si kuachwa njiani.

REHEMA: Hebu tueleze lilitengenezwaje hivyo, kwa maana leo gari likizima barabara ya Bagamoyo kinachofuata ni kuita gari la kuvuta.

SAIDI: Tuanzie kwenye injini. Wote tuliozungumza nao walikuwa na injini ya 4K, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 1290. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, na shafti ya kemu, ile inayofungua valvu, haikai juu kwenye hedi kama ilivyo kwa magari ya sasa, bali imo ndani ya bloku, inazungushwa na cheni, nayo inazisukuma valvu, ile milango midogo ya hewa na moshi, kupitia fimbo ndefu na roka, yaani vikono vinavyozibonyeza. Ni ufundi wa zamani hata kwa mwaka 1979. Familia hiyo ya injini za K ilianza na Corolla ya kwanza kabisa mwaka 1966, na Toyota wakaendelea kuitengeneza kwa matoleo mbalimbali hadi mwaka 2007. Kwa hiyo KE70 ilipofika mikononi mwa mafundi wetu, injini yake haikuwa ngeni kwao, kwa sababu ndugu zake wakubwa walikuwa wameshafunguliwa na kufungwa katika gereji za Gerezani na Ilala kwa miaka mingi.

REHEMA: Na ndugu zake wengine walikuwa kwenye magari mengine kabisa.

SAIDI: Naam. Starlet ya KP61, ile iliyokuwa inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, ilitumia injini hiyohiyo. Vibasi vya Toyota LiteAce na TownAce navyo vilipata injini za familia hii, na ile 5K ya ujazo wa sentimita 1486 ilitumika hadi kwenye magari ya kunyanyulia mizigo bandarini na maghalani. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa anatafuta kipuri cha Corolla yake pale Shaurimoyo hakuwa anategemea Corolla nyingine tu iwe imekatwa. Dereva mmoja mstaafu wa teksi kule Magomeni alituambia kuwa alimalizia miaka ya mwisho ya gari lake kwa kutumia injini ya 5K iliyotolewa kwenye kibasi, na kwamba fundi aliifunga kwa siku moja.

REHEMA: Mzee yule alinifurahisha pia aliposimulia habari za platini. Kwa wasikilizaji vijana, platini ni vile vidole viwili vidogo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, vinavyoachana na kukutana ili koili itoe cheche kwenye plagi. Vikichakaa au vikiungua, gari linaanza kukohoa, halipandi mlima vizuri, asubuhi linawaka kwa shida. Alisema kuwa alitembea na kipande cha msasa kwenye mkebe wa dashibodi, na kwamba nafasi ya platini, ambayo inatakiwa kuwa kama nusu milimita, aliipima kwa karatasi ngumu ya boksi la kiberiti.

SAIDI: Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulikazie. Gari lile lilikuwa na tabia ya kutoa taarifa. Platini haifi ghafla, inachoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na dereva mwenye masikio anaisikia. Valvu zikilegea zinagonga. Klachi ikiisha, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Cheni ya taimingi ikirefuka, inasikika ikisugua mbele ya injini asubuhi gari likiwa baridi, na inaweza kuendelea kusikika hivyo kwa miezi kabla ya kuleta madhara. Linganisha na pampu ya mafuta ya umeme iliyo ndani ya tangi la gari la kisasa, ambayo leo inafanya kazi na kesho imekufa bila kuaga. KE70 ilikuwa na pampu ndogo iliyochomekwa ubavuni mwa injini, inayosukumwa na shafti ya kemu yenyewe, na ikianza kuchoka ungeiona inavuja.

REHEMA: Nakubali, ila naomba nitetee upande wa pili, maana nahisi tunaelekea kwenye kulisifia tu. Haya unayoyaita taarifa, mtu mwingine angeyaita usumbufu. Injini ya 4K inahitaji valvu zake zipimwe na kurekebishwa kila baada ya muda, milimita 0.20 upande wa kuingiza na milimita 0.30 upande wa kutoa, injini ikiwa ya moto. Platini zinataka kuangaliwa, kabureta inataka kusafishwa, mkanda wa feni unataka kukazwa. Mimi ninaendesha Toyota IST, gari lililotoka mara ya kwanza mwaka 2002, na injini yake nayo inatumia cheni. Sijawahi kumwomba fundi apime valvu zangu, na simjui mmiliki wa IST anayefanya hivyo. Tukihesabu mara ambazo bonati imefunguliwa, gari langu ndilo linaloaminika zaidi.

SAIDI: Kwa hesabu hiyo, ndiyo, IST inashinda, wala sitabishana. Ila angalia na upande wa mwenye gari. Kwa kuwa KE70 ilimlazimu afungue bonati mara kwa mara, alikuwa anaona mambo mengine pia: maji yamepungua, mpira wa rejeta umevimba, waya wa betri umeota ukungu. Na usisahau mazingira ya wakati ule. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri vilikuwa adimu kama vilivyokuwa adimu sabuni na sukari. Ni hadi mwaka 1984 ndipo serikali iliporuhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana zimetoka wapi. Mtu aliyemiliki gari kabla ya hapo hakuendesha hovyo, kwa sababu alijua kwamba kikiharibika kitu, huenda asipate kingine. Mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Temeke, ambaye Corolla ya familia ilinunuliwa na marehemu mumewe, alisema kuwa mumewe hakuruhusu gari liondoke kabla injini haijapata joto, na hakuruhusu mtu yeyote afunge mlango kwa nguvu.

REHEMA: Habari ya mlango niliipenda. Alisema hadi leo akifungiwa mlango kwa kishindo kwenye gari la mtu anaruka.

SAIDI: Sasa, sehemu ya sifa tunayolipa gari lile ni ya marehemu mume wa mama yule, na hatuwezi kuitenganisha kirahisi.

REHEMA: Kuna jambo lingine linalonitia shaka katika kumbukumbu hizi, nalo ni kilomita. Wamiliki wawili walituambia kwa uhakika kuwa magari yao yalitembea kilomita laki tano. Lakini mita nyingi za kuhesabia kilomita kwenye magari ya enzi hizo zilikuwa na tarakimu tano tu. Zikifika 99,999 zinaanza upya. Mtu anahesabu kwa kukumbuka imezunguka mara ngapi, au anakadiria tu, na wengi walikuwa na mita iliyokatika waya miaka mingi iliyopita. Nadhani magari yale yalitembea sana, ila namba zenyewe nazichukulia kama salamu.

SAIDI: (anacheka) Nami pia. Kuna na suala la magari ambayo hatuyaoni. Tunayoyakuta leo ni yale yaliyosalia, yaliyotunzwa. Yaliyooza yalishauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na wenye nayo hawana hamu ya kusimulia.

REHEMA: Kuoza ndiko kulikoyamaliza mengi hapa kwetu, si injini. Chumvi ya baharini haina huruma. Magari yaliyokaa Msasani, Kigamboni au Kunduchi, na hasa yale yaliyovuka kwa pantoni pale Magogoni kila siku, yalianza kutoboka chini ya kioo cha mbele, kwenye kingo za matairi ya nyuma, na chini ya betri. Mabati yalichomelewa, yakapakwa rangi, na baada ya masika mawili kutu ikarudi palepale. Nimeona KE70 ambayo injini yake inawaka mara ya kwanza, huku abiria wa nyuma anaiona lami kupitia sakafuni.

SAIDI: Niongeze la maji, kwa sababu hapo mafundi wetu nao wanastahili lawama. Nimesema hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Injini hiyo ikichemsha sana, hedi inapinda, gasketi inaungua, na maji yanaingia kwenye oili. Hapa Dar es Salaam watu wengi walijaza rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Maji yale yanaila alumini polepole na kuziba vijia vya rejeta. Gari likianza kuchemsha kwenye foleni, fundi anachomoa themosta, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto, na kuitupa, eti inazuia maji. Kwa siku chache mshale wa joto unashuka na mteja anafurahi. Lakini injini inayoendeshwa bila themosta inachelewa kupata joto lake la kawaida, inakula mafuta zaidi, silinda zinachakaa haraka, na rejeta iliyoziba bado imeziba. Huo mchezo unaendelea hadi leo kwenye magari mapya kabisa.

REHEMA: Na mafuriko? Yule mzee wa teksi alijisifu kuwa alikuwa anapita bonde la Jangwani hapa mjini wakati wengine wamegeuza.

SAIDI: Hilo nisingemshauri mtu. Ni kweli kwamba maji yakirukia distributa gari linazima, unafungua kifuniko, unakikausha kwa kitambaa kikavu, unawasha na kuendelea. Hakuna kompyuta ya kuungua. Lakini maji yakiingia kwenye kisafisha hewa na kushuka hadi kwenye silinda, pistoni haziwezi kuyabana, na fimbo zake zinapinda, iwe ni Corolla ya mwaka 1980 au gari lililoshuka melini jana. Unyenyekevu wa gari una mpaka wake.

REHEMA: Tumepata pia swali la msikilizaji kijana anayeishi Tabata, ambaye ameonyeshwa KE70 inayouzwa na anataka kuinunua awe anaitumia mwishoni mwa wiki. Anauliza aangalie nini. Mimi ningemwambia asahau kioo kinachong'aa na rangi mpya, anyanyue mazulia yote, na abonyeze sakafu kwa kidole gumba.

SAIDI: Aende asubuhi, kabla mwenye gari hajaliwasha, na aweke mkono juu ya bonati, ikiwa ina joto, arudi siku nyingine. Afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa na aangalie maji. Yakiwa na rangi ya kutu, ajiandae kwa gharama. Yakiwa na utando wa mafuta, aondoke. Kisha aliwashe na asikilize cheni kwa dakika ile ya kwanza. Kugonga kidogo kwa valvu kusimtishe, kwa kuwa kunarekebishika kwa bisibisi, spana na fila, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

REHEMA: Na kadi ya gari. Mengi ya magari haya yameshabadilishwa injini, kama lile la mzee wa Magomeni, na mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yameandikishwa TRA, mamlaka ya mapato. Namba ya injini na namba ya chesisi zilingane na zilizomo kwenye kadi, na azione kwa macho yake mwenyewe, asitosheke na picha za simu.

SAIDI: Aende na kitambaa na petroli kidogo kwenye chupa, kwa sababu namba ya injini kwenye gari la umri huo mara nyingi imefunikwa na grisi ya miaka arobaini, na muuzaji asiye na la kuficha hatakasirika ukiisafisha.