Kufuli Mlangoni Si Njia ya Kudai Kodi

SAUMU: Karibuni tena. Leo Juma ndiye ataanza, maana kuna jambo limemkaa rohoni.

JUMA: Ni vile vyumba vya marehemu baba, kule Kisauni, Mombasa. Mwaka juzi mpangaji mmoja alilimbikiza kodi ya miezi mitatu. Simu hapokei, kila nikienda naambiwa katoka. Nikapandwa na hasira, nikamtilia kufuli mlangoni. Jioni mkewe akarudi na mtoto mgonjwa, na dawa zimo ndani. Nilifungua palepale, Saumu, lakini mpaka leo nikikumbuka naona haya.

SAUMU: Na kisheria ulikuwa umejitia kitanzi. Ukifunga mlango, ukikata maji au ukiezua mabati bila amri ya mahakama wala ya baraza la kodi, lile linaloamua kesi za wenye nyumba na wapangaji, mdeni wako anageuka mlalamikaji. Waweza kuamriwa wewe ndiye umlipe fidia.

JUMA: Sasa mtu afanyeje? Kodi hiyo ndiyo inayomsomesha mdogo wangu.

SAUMU: Anza siku kodi inapochelewa, usingoje mwezi wa tatu. Tarehe 5 ikipita, mwandikie. Ujumbe wa simu watosha kuanzia, na usiufute. Sisi twaoneana haya sana, kakangu. Mpangaji mwaswali naye msikiti mmoja, basi wanyamaza mpaka deni liwe mlima. Haya hiyo ndiyo inayozaa kufuli.

JUMA: Kweli kabisa. Miezi miwili ya kwanza sikusema neno.

SAUMU: Mkae chini, mzee wa mtaa awepo. Mkikubaliana alipe kidogo kidogo, andikeni kiasi na tarehe, mtie sahihi. Akishindwa, ndipo notisi ya maandishi. Nyumba ya kuishi inayolipiwa kwa mwezi, mpe si chini ya mwezi mzima. Duka lisilo na mkataba wa maandishi, au lenye mkataba usiozidi miaka 5, lina sheria yake, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya: notisi ya miezi 2, kwa fomu maalumu, na mpangaji ana haki ya kupinga kwenye baraza la kodi za biashara.

JUMA: Na vyumba vya bei ya chini?

SAUMU: Kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sura ya 296. Huko humtoi mtu bila amri ya baraza la kodi, hata umwandikie notisi kumi.

JUMA: Dalali je?

SAUMU: Awe dalali mwenye leseni, si vijana wa maskani. Naye kazi yake ni kukamata mali kwa ajili ya deni, si kumtoa mtu ndani bila amri. Ukitaka chumba chako na mtu hatoki, nenda mahakamani.

JUMA: Wangu mwishowe tuliandikiana. Alilipa mwezi mmoja na nusu, akahama kabla ya Ramadhani.

SAUMU: Na zilizobaki?

JUMA: Dipoziti ilifidia mwezi mmoja, nikamwandikia risiti. Ile nusu nilimsamehe, kwa ajili ya yule mtoto.