Karatasi za Ruth First

Wenzangu, asanteni kwa kuitikia wito. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya karatasi za Ruth First, mwandishi wa habari aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1925. Zimehifadhiwa katika Taasisi ya Masomo ya Jumuiya ya Madola, Chuo Kikuu cha London, na sehemu yake imewekwa kwenye intaneti. Hata aliyeko Morogoro anaweza kuzisoma usiku huu.

Lakini kabla hujafungua faili, jiulize karatasi ilikuwa kitu gani kwa mtu kama yeye. Mwaka 1955 watu walikusanyika Kliptown, karibu na Johannesburg, kupitisha Mkataba wa Uhuru, tamko la kudai haki sawa kwa watu wa rangi zote. Polisi wakavamia, wakazoa kila chenye maandishi, hata vibao viwili vya pale palipouzwa chakula: "supu yenye nyama" na "supu isiyo na nyama". Vibao vile vikawa vielelezo katika kesi ya uhaini ya watu 156, pamoja na maelfu ya nyaraka. Ruth alikuwa mmoja wa washtakiwa. Msivipite vibao hivyo haraka. Dola iliyofikia kuogopa kibao cha supu haiwezi kumwachia mwandishi daftari lake.

Tena mwandishi huyu walikuwa wanamjua. Mwaka 1947 alikwenda Bethal, akaeleza katika gazeti la The Guardian, lile la Cape Town, jinsi vibarua Waafrika walivyoteswa mashambani.

Agosti 1963 walimkamata maktabani, Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Alikuwa akisomea ukutubi, maana kuandika alikwisha katazwa. Walipopekua nyumba yake walikuta nakala moja ya Fighting Talk, jarida alilolihariri mwenyewe na ambalo sasa kuwa nalo tu lilikuwa kosa. Alikaa kizuizini siku 117, peke yake, bila kufunguliwa mashtaka, na kitabu alichoruhusiwa ni Biblia. Fikirini: mtu wa karatasi, hana hata kalamu.

Mwaka 1964 akakimbilia Uingereza. Huko ndiko alikoweza kuweka faili bila kusikiliza hatua za polisi mlangoni, na huko aliwashika mkono waandishi wengine wa bara hili. Kumbukumbu za Jaramogi Oginga Odinga, zilizotoka mwaka 1967, zilipita mikononi mwake kabla ya kuchapishwa. Kwetu Afrika Mashariki hilo ni deni, na naona hatulitaji vya kutosha.

Mwaka 1977 akarudi kusini, Maputo, kuongoza utafiti katika Kituo cha Masomo ya Afrika cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Tarehe 17 Agosti 1982, akiwa ofisini, alifungua barua zilizoletwa siku hiyo. Moja ilikuwa na bomu, limetumwa na majasusi wa serikali ya makaburu. Maisha yake yote watu walimwandikia, naye alifungua na kusoma. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.