Hadithi ya Kusikilizwa: Wahusika, Vituo na Maiki

REHEMA: Karibuni kipindini. Leo tunazungumzia usimulizi wa jukwaani: mtu mmoja, maiki moja, dakika saba, na hadhira imekaa inamtazama. Kassim, anza wewe.

KASSIM: Nianze na sikio. Msomaji akipotea, anarudi mistari miwili juu anaendelea. Msikilizaji akipotea ndiyo basi, kwa sababu msimulizi yuko mbele tayari. Wengi wanaoharibikiwa jukwaani waliandika hadithi ya kusomwa, wakaikariri, wakaja kuitapika vilevile.

REHEMA: Na inajulikana mapema tu. Sentensi moja ina "ambaye" tatu.

KASSIM: "Mzee ambaye alikuwa akiishi katika nyumba ambayo ilijengwa na kaka yake ambaye..." Mpaka umalizie, mzee kashasahauliwa. Ivunje. "Palikuwa na mzee. Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Aliijenga kaka yake." Kila sentensi jambo lake moja.

REHEMA: Halafu Kiswahili chetu kina mtego kwa msimulizi. "Akamwambia anamdai." Nani anamdai nani? Wahusika wawili wakishaanza kubishana, ile "a" na ile "m" zinamfunika kila mtu, mke kwa mume, mkubwa kwa mdogo. Kwa hiyo kila mhusika mpe jina fupi au cheo, tuseme Nahodha na Baharia, na ulitaje kila anaposhika zamu. Kwenye karatasi ungeonekana unarudiarudia. Sikio halichoki na hilo.

KASSIM: Na kwa dakika saba wahusika watatu wanatosha. Akitokea wa nne, aitwe "mlinzi" tu, aseme lake, aondoke.

REHEMA: Kuna na "ka" za mfululizo. Akaamka, akavaa, akatoka, akafunga mlango, akavuka barabara. Ni nzuri mtu anapokimbizwa. Ukiendesha hadithi nzima hivyo, kuvaa viatu na kufiwa vinapata uzito mmoja. Ukifika mahali pazito, kata mnyororo: "Akatoka, akafunga mlango, akavuka barabara. Sasa amesimama. Anatazama juu." Hapo utaona watu wenyewe wanainua shingo.

KASSIM: Tuingie kwenye vituo, yaani pale unaponyamaza kidogo, maana ndipo kazi ilipo. Chukua vipande hivi: "Akafungua mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Ila redio ilikuwa inazungumza." Kituo kikubwa ukiweke wapi?

REHEMA: Wengi wanakiweka baada ya "ila". "Ila... redio."

KASSIM: Na ndiyo makosa. "Ila" imeshawaambia watu kuna jambo linakuja, kwa hiyo ukinyamaza hapo wanakuona unawachezea. Kaa kimya baada ya "hapakuwa na mtu". Sekunde mbili nzima. Hadhira inakiona chumba kitupu, inakubali ni kitupu. Ndipo unatoa "Ila redio ilikuwa inazungumza" kwa pumzi moja, bila kuikata.

REHEMA: Sekunde mbili kwa aliye jukwaani ni ndefu mno. Moyo unakwenda mbio, anahisi zimepita kumi, anajaza na "eeh" au "yaani". Jirekodi kwenye simu ukifanya mazoezi, kisha pima kwa saa. Utakuta kituo ulichodhani ni kirefu hakikufika hata sekunde moja.

KASSIM: Kicheko nacho kina wakati wake. Watu wakicheka, usiongee juu yao, sentensi inayofuata itapotea. Ila usingoje pia mpaka ukimya urudi, moto utakuwa umezima. Kicheko kinapanda, kinafika kileleni, kinaanza kushuka. Ingia kinapokuwa nusu ya kushuka. Wasipocheka mahali ulipotegemea, pita kama vile hapakuwa na kichekesho. Kukieleza ndiko kunakokiua.

REHEMA: Mazungumzo ya wahusika sasa. Watu wanahangaika kubadili sauti: mwanamume anabana koo awe bibi, na hadhira inaanza kumsikiliza yeye badala ya bibi. Badili mwendo na macho, inatosha. Nahodha aseme polepole, maneno machache. Baharia aharakishe.

KASSIM: Macho yana hesabu yake. Tuseme mbele yako pale ni saa sita. Nahodha akisema, uso wako uelekee saa tano. Baharia akisema, saa saba. Ni kichwa tu kinachogeuka, mwili unabaki kwa hadhira. Kama Baharia ni mfupi, Nahodha atazame chini kidogo, Baharia atazame juu. Na msimulizi mwenyewe anarudi saa sita, macho kwa watu.

REHEMA: Kinachoharibu ni kubadilisha pande katikati. Mara moja tu Nahodha akisemea saa saba, watu wanaanza kujiuliza huyu ni nani. Ndiyo maana zamu hizi zinafanyiwa mazoezi umesimama. Ukikaa kitini unasoma, kichwa hakijifunzi.

KASSIM: Kuhusu kukariri, mimi nasema usikariri yote. Gawa hadithi katika picha tano hadi saba, kila picha na mahali pake: bandarini, ngazini, ndani ya chumba. Ukisahau neno, picha bado unayo. Kinachokaririwa neno kwa neno ni sentensi ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza kwa sababu hapo woga uko juu kabisa, mdomo umekauka. Ya mwisho kwa sababu asiyeijua anazunguka anatafuta mlango wa kutokea.

REHEMA: Na ukipewa dakika saba, andaa sita. Vicheko na vituo vitaila hiyo moja.

KASSIM: Kabla ya kupanda, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane, mara tano hivi. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, ndiko kunakotuliza mapigo. Maji yanywe mapema, saa kadhaa kabla. Funda la dakika ya mwisho linalowanisha mdomo tu, halifiki kwenye nyuzi za sauti. Na acha kukohoakohoa kusafisha koo. Nyuzi zinagongana kwa nguvu na zinazidi kuwasha. Meza mate.

REHEMA: Maiki ya mkononi, sasa. Ishike kwenye mpini. Ukiifumbata kichwa kama waimbaji wengine, unaziba matundu yanayoifanya isikilize upande wa mbele. Inaanza kusikia pande zote, na spika zikiwemo, mlio mkali unaanza, halafu analaumiwa fundi mitambo.

KASSIM: Umbali nao?

REHEMA: Sentimita tano hivi, chini kidogo ya mdomo, imeinama ili upepo wa "p" na "b" upite juu yake. Ukiipeleka kumi, yaani mara mbili, sauti inashuka karibu desibeli sita. Ukiibandika mdomoni, besi inajaa na maneno yanakuwa tope. Sasa kumbuka habari ya saa tano na saa saba: kichwa kikigeuka, maiki igeuke nacho. Wengi wanageuza uso, mkono unabaki, na kila Baharia akisema haisikiki kitu.

KASSIM: Ukiona mikono inahitajika kwa wahusika, tumia stendi na upunguze pembe za macho.

REHEMA: Au omba ya kubana kwenye nguo, ikae kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu. Mkufu na kitambaa kinachochakacha vivuliwe. Na majaribio ya sauti yakifanyika ukumbi mtupu, usishangae mwangwi kupungua watu wakijaa. Miili na nguo zinameza sauti, kwa hiyo fundi ataongeza kidogo.

KASSIM: Kumaliza. Sema sentensi yako ya mwisho, kaa pumzi mbili ukiwatazama, inamisha kichwa. Usiseme "nadhani ni hayo tu".

REHEMA: Na maiki usiizime mwenyewe, kishindo chake kitatoka spikani. Mwachie fundi.