Gari otomatiki linagonga na kulia gia zikibadilika? Usishushe giaboksi kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni gereji, Arusha hapa. Tuna Toyota IST ya zamani, otomatiki ya gia nne, siyo CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Mwenyewe analalamikia vitu viwili: ukiweka R linapiga "ku!", na barabarani kuna mlio mwembamba. Ameshaambiwa anunue giaboksi. Haya, boneti juu.

Washa, acha kwenye P, kanyaga mafuta kidogo. Mlio unapanda na resi? Mnausikia. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo ikikosa oili au ikivuta hewa, italia hata kwenye P. Mkanda wa alteneta nao hulia hivyo hivyo, huo tumeshaukagua. Ila kama mlio unafuata mwendo wa gari, siyo resi, angalia bearing za magurudumu kwanza.

Sasa kishindo. Handbreki juu, mguu kwenye breki, kijana asimame ubavuni. Siyo mbele ya gari! N, R, N, D. Leta kamera hapa kwenye injini... chini kidogo... hapo. Mmeona inavyonyanyuka? Raba ya mauntingi, ile inayoshikilia injini kwenye bodi, imekatika. Hicho kishindo giaboksi inasingiziwa tu. Na baridi ya Julai hapa kwetu inakizidisha, maana injini ya baridi sailensa yake, yaani resi bila kukanyaga mafuta, iko juu. Subiri mshale wa resi ushuke chini ya 1,000 ndiyo uweke gia.

Turudi kwenye mlio. Tunapima oili, na hapa twende taratibu kwa sababu ndipo watu wanapoharibu. Gari liwe limetembea: toka Sanawari nenda Tengeru, rudi. Egesha pa tambarare, siyo kwenye mteremko wa Ilboru. Injini iwe inawaka. Pitisha gia kutoka P mpaka L, sekunde mbili tatu kila moja, rudi P. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Soma alama ya HOT (oili ya moto), siyo COOL (ya baridi).

Narudia: injini inawaka. Ukizima, oili inashuka toka juu, kipimo kinapanda, unajiona umejaza kumbe imepungua.

Eh, subiri, usihamishe kamera. Sogea karibu. Hivi vipovu mnaviona? Na oili imepita HOT kwa mbali. Hii ilipimwa ikiwa ya baridi, mtu akaifukuzia alama ya HOT. Ikipata moto inavimba, gia zinaichapa kama mayai ya chapati, inaingia hewa, pampu inavuta povu. Mlio wetu ndio huo.

Dawa ni bomba la sindano na mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki. Vuta robo lita, pima. Vuta tena, pima. Usifungue boliti ya chini kwa haraka: ukiimwaga yote inatoka kama lita 3, na nyingine inabaki kwenye toki konveta, kile kidude kinachounganisha injini na giaboksi, hapo hesabu inakupotea.

Rangi? Nyekundu iliyofifia, haina harufu ya kuungua. Safi. Ingekuwa nyeusi na inanuka, tungefungua sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, kuona chenga za chuma kwenye sumaku.

Hii inatumia oili ya giaboksi ya Toyota iitwayo T-IV. Nyingi zimeandikwa kwenye dipstiki yenyewe, tatizo hatusomi. T-IV dukani kwetu ipo, nimeshatangaza, basi. Mwenye CVT asiiguse kabisa: nunua oili ya CVT iliyotajwa kwenye kitabu cha gari lako. Ile ya "gari zote" mimi siiwekei hata toroli.

Sasa zima, acha nusu saa povu litulie. Halafu tembeza, pima upya: oili ya moto, tambarare, injini inawaka. Nimesema mara ngapi? Inawaka! Kijana, leta jeki tufungue hiyo mauntingi.