Hesabu rundo kabla ya kununua mashini: mhadhara kwa wenye ateliye za milango, Lubumbashi

Wapapa na wamama, ndugu zangu wa komine zetu za Kenya, Katuba na Kampemba, asanti kwa kuja. Mambo ya Toyota na Taiichi Ohno, yule Mjapani aliyepanga kazi za viwanda vyake, mmekwisha kuyasikia, siyarudii. Nina neno moja, na wengine wenu mmenisikia nikilisema mara nyingi: usitoe pesa ya mashini kabla hujahesabu rundo, yaani kazi iliyolala ikingoja hatua inayofuata.

Tuchukue ateliye ya mfano. Inauza milango ya chuma 6 kwa siku. Ukitoa saa ya chakula na ya kufagia, zinabaki dakika 420 za kazi. Gawa kwa 6: kila dakika 70 lazima mlango mmoja utoke. Hiyo ndiyo takti. Iandike juu kabisa ya karatasi, maana kila namba nyingine itapimwa nayo.

Sasa chukua penseli na kifutio uchore ramani ya kazi, uanzie pale mzigo wa mteja unapotokea, urudi nyuma kwa miguu mpaka kwenye tole na tibu, yaani mabati na mabomba ya chuma. Ukianzia kwenye chuma utachora kazi jinsi unavyotaka iwe. Ukianzia kwa mteja utakutana na kila kitu kilichosimama njiani. Kila hatua ya kazi ichoree kisanduku. Kila rundo lichoree pembetatu, na ndani yake uandike idadi uliyoihesabu kwa macho yako. Usimwulize msimamizi, kwa sababu atakupa namba ya siku nzuri. Dakika pia zipime mwenyewe kwa simu, milango kumi kwa kila hatua, na uandike muda unaojirudia zaidi. Ule wa haraka kuliko yote uache.

Visanduku vya ateliye yetu ni hivi. Kukata, dakika 25 kwa mlango. Kuchomelea, dakika 120, lakini mafundi ni wawili, kwa hiyo mlango mmoja kila dakika 60. Kusaga na kusawazisha, 35. Kupaka rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu, 40 za mikono. Kufunga kitasa na bawaba, 30. Jumla dakika 250, saa nne na kidogo.

Pembetatu sasa. Vipande vya milango 24 vimelala mbele ya wachomeleaji: gawa kwa 6, ni siku 4. Mbele ya msagaji milango 6, siku 1. Mbele ya mpaka rangi 18, siku 3. Mbele ya vitasa 12, siku 2. Iliyokamilika na haijaondoka 12, siku 2. Jumla milango 72, siku 12. Hesabu hii ya kugawa rundo kwa mauzo ya siku ilithibitishwa na John Little mwaka 1961, na haijali kama uko Nagoya kule Japani au Ruashi hapa kwetu.

Mmeona? Mlango unashikwa kwa dakika 250 na unakaa ndani kwa dakika 5,040, yaani siku 12 za dakika 420. Kati ya dakika 100, ni 5 tu ambazo mtu anaufanyia kitu. Halafu patroni anapita, anaona rundo kubwa mbele ya wachomeleaji, anasema: hapa ndipo tunapochelewa, ninunue mashini ya tatu. Hapana! Wachomeleaji wanatoa mlango kila dakika 60 na mteja anataka kila dakika 70. Wanatosha. Rundo lile limetoka kwa mkataji, anayemaliza mlango kwa dakika 25 na hakuna aliyemwambia asimame. Ongeza mashini ya tatu, mkataji atakata zaidi, na chuma chako kitalala palepale.

Najua mtaniambia: umeme unakatika, rundo ndilo linatuokoa. Tulitazame vizuri, kwa sababu neno hili limewala wengi pesa. Umeme ukikatika, mkataji anasimama, mchomeleaji anasimama, msagaji anasimama, wote kwa pamoja. Vipande 24 vilivyokatwa vinamsaidia nani? Hakuna. Hatua isiyohitaji umeme ni brashi ya rangi na bisibisi ya kitasa. Akiba ya kukuokoa iwekwe baada ya kusaga, kabla ya rangi: milango 6, kazi ya siku nzima gizani. Ukipaka rangi kwa kompresa, akiba yako isogee mbele zaidi, kwenye vitasa. Akiba ya tole na tibu mimi siigusi leo, maana malori ya mpakani Kasumbalesa hayafuati takti ya mtu.

Na rundo la vipande lina madhara mengine. Kipimo kikikosewa kwa milimita 5, kosa linaonekana kwa mchomeleaji, wakati mkataji amekwisha kukata ya milango 24. Wakati wa mvua vipande vinashika kutu, na msagaji anafanya kazi ambayo mteja hakuiagiza.

Dawa yake ni rafu yenye nafasi 6, kila nafasi seti ya mlango mmoja. Rafu ikijaa, mkataji anaacha kukata. «Akae bure na ninamlipa?» Hapana, hakai. Kukata milango 6 ni dakika 150, kusaga 6 ni dakika 210. Jumla 360 kati ya 420. Fundi mmoja anaweza zote mbili, na aliyekuwa akisaga aende kusaidia kwenye rangi na vitasa. Lakini msimfukuze mtu kwa ajili ya ramani. Mkifukuza mmoja, safari ijayo kila fundi atafanya kazi polepole mbele ya saa yenu, na ramani yote itakuwa uongo.

Weka seti 6 kwenye rafu, milango 2 mbele ya msagaji, akiba yetu ya 6 kabla ya rangi, 6 inayokauka, 6 iliyo tayari. Ni milango 26, siku 4 na kidogo badala ya 12. Chuma cha milango 46 kimegeuka kuwa franka mkononi.

Kwa wachomeleaji kuna hatari moja. Mafundi wawili wana dakika 840, milango 6 inakula 720. Mlango mmoja ukirudiwa kila siku, 840 zimekwisha. Kwa hiyo shikiza fremu kwa nukta chache za kuchomelea juu ya meza iliyonyooka, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili, na zikipishana zaidi ya milimita 2 rekebisha kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Pia usimalize upande mmoja wote. Joto litaivuta fremu.

Muda unanibana. Komande za wateja: ziingie mahali pamoja tu, kwa mtu anayepanga rafu, na mkataji asipokee ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa watu watatu. Kubadilisha vipimo kwenye mashini, mambo ya Mjapani mwingine, Shigeo Shingo, nayaacha kwa siku nyingine. Bila rafu hayatawasaidia.

Kesho saa mbili asubuhi, kabla mashini ya kwanza haijawashwa na marundo yamesimama, hesabuni pembetatu zenu. Jumamosi mje na karatasi hiyo. Asiye na namba, mimi na yeye hatutazungumza bei ya mashini.