Saini Tatu na Ufunguo Mmoja: Mradi wa Pamoja wa Elimu Shule Zinapofungwa Ghafla

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, waratibu elimu kata na walimu wenzangu,

Nimeombwa nieleze namna ya kuendesha mradi wa elimu wenye wabia wengi pale linapozuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Nitazungumzia mradi mmoja tu, kwa sababu ndio niliouratibu mwenyewe na makosa yake nayajua.

Machi 2020 tulikuwa na chuo cha ualimu, halmashauri, mfadhili na shule 6 za msingi, na kazi yetu ilikuwa kuwasaidia walimu wa darasa la kwanza na la pili katika zile KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Vitabu vya hadithi vilikwisha kufika. Makasha 42 yalipangwa katika stoo ya kituo cha walimu yakisubiri semina ya tarehe 23. Machi 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, na kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30.

Siku 30 hizo ndizo zilizotuponza. Tulisogeza semina mwezi mmoja mbele, tukawaandikia wabia barua, tukatulia. Mwezi ulipokwisha tukaisogeza tena. Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29, ilhali wenzetu wa Kenya walirudi madarasani kikamilifu Januari 4, 2021, na wa Uganda Januari 10, 2022, hivyo aliyepanga kwa tarehe mwezi ule, awe Dodoma, Nairobi au Kampala, alikuwa akipiga ramli. Siku hizi ratiba zetu huhesabu wiki tangu shule kufunguliwa.

Hata hivyo, suala la tarehe lilirekebishika. La stoo ndilo lililotushinda. Hati ya makubaliano ilisema kwamba hakuna kitabu kitakachotoka bila saini tatu, ya chuo, ya halmashauri na ya mfadhili, na kifungu hicho niliandika mimi nikijiona mtu makini. Mwakilishi wa mfadhili alikuwa amekwisha kurejea kwao, na kila tulipomwandikia tulijibiwa kwa upole kwamba suala linashughulikiwa. Katikati ya Aprili mwalimu mkuu mmoja alinipigia simu akasema wazazi wanamwomba chochote cha kusomesha watoto, maana vipindi vya masomo vya redio havishiki vizuri kijijini kwake. “Mratibu,” akaniambia, “vitabu viko kilomita nane kutoka hapa, na baiskeli ninayo.” Nikamwomba avute subira.

Stoo tuliifungua mwisho wa Juni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, na kila kasha la chini ulipoliinua lilibaki ganda tu mkononi, ndani yake udongo mwekundu na vipande vya kurasa. Makasha 11 yalikwenda hivyo. Mwalimu mkuu yule alikuwapo, wala hakusema neno, nami ningependa angesema.

Tulipokaa upya tuliongeza kifungu kimoja: shule zikifungwa zaidi ya siku 7, mwalimu mkuu atachukua vifaa vya shule yake kwa saini yake na ya mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha atatoa taarifa ndani ya siku 14. Mhasibu wa mradi alipinga vikali kwamba tunafungulia wizi mlango. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwani fedha za mradi zina wenyewe na mkaguzi hataki kusikia habari za mchwa. Lakini nilimuuliza ni saini ipi kati ya zile tatu ilivilinda vitabu, na kikao kikaendelea.

Kifungu kilijaribiwa masika ya 2024, daraja lilipokatika na shule mbili zikafungwa kwa wiki tatu. Mwalimu mkuu wa baiskeli alichukua vitabu 120 siku ya nane asubuhi, akavigawa nyumba kwa nyumba, na taarifa yake ikanifikia kabla sijaiulizia. Vitabu 5 havikurudi. Nilipofuatilia nikaambiwa viko kwa watoto wawili waliohamia kwa bibi yao ng’ambo ya mto, na katika daftari la stoo mpaka leo nimeviandika kuwa vimeazimwa.