Hoho ya Nani?

BARAKA: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo tumepanga masomo matatu ya kuandika kidahizo chako cha kwanza, yaani neno linaloelezwa kwenye kamusi, ndani ya Wikamusi, kamusi huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Lakini nina dukuduku, niliteme kwanza. Jumatatu nimekesha hadi saa sita usiku naandika "pilipili hoho": pilipili kubwa isiyowasha, ya kijani, nyekundu au manjano. Naamka asubuhi, maana yangu imefutwa! Mtu ameweka "pilipili nyekundu inayowasha".

MWANAIDI: Kaka Baraka, ni mimi.

BARAKA: Wewe, dada?

MWANAIDI: Mimi. Sikujua ni wewe, maana kule hutumii jina hili. Ila hata ningejua ningeibadili. Kwetu Unguja, bibi akinituma hoho nikamletea hiyo yako, ananirudisha sokoni. Hiyo ni pilipili boga. Kafungue kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, hoho ni pilipili nyekundu, ile ya kuwasha.

BARAKA: 1939! Nenda Kariakoo leo, omba hoho, uone utafungiwa nini.

MWANAIDI: Na pilipili manga nayo uibadili? Manga ni Uarabuni. Tunailima wenyewe Zanzibar na jina limebaki la huko ilikotokea jahazini.

BARAKA: Manga tuiache, dada, hoho yenyewe hatujaimaliza. Sikiliza. Ulipofuta maana yangu, tafsiri zilibaki chini. Kifaransa niliandika "poivron". Sasa mtoto wa Bujumbura anasoma kwamba poivron inawasha! Tafsiri hufuata maana, haifuati neno.

MWANAIDI: Hilo kosa ni langu. Ilifaa ziwe maana mbili, kila moja na tafsiri zake, "piment" chini ya yangu. Nitalirekebisha. Lakini ya kwanza iwe ya kuwasha.

BARAKA: Hapana. Ya kwanza iwe ile ya wengi.

MWANAIDI: Wengi wa wapi?

BARAKA: Bara, Kenya, kote wanakosema hoho wakimaanisha ya kachumbari. Mimi nafundisha, dada. Mwanafunzi ana simu ya kioo kidogo na bando la kuhesabu. Anasoma mstari wa kwanza, anafunga.

MWANAIDI: Na mtoto wa Pemba si mwanafunzi? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, 1981, ilikuwa kitabu, kurasa zina mwisho. Sisi tuna nafasi. Tangu 1994, Mradi wa Kamusi wa mtandaoni ulipoanzia pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, raha ya kazi hii ni kwamba mtu wa kijijini anaweza kuleta neno la kwao. Leo unamwambia la kwao likae chini?

BARAKA: Sijamwambia aliondoe. Namwambia aliandikie "Unguja".

MWANAIDI: Basi na yako iandikie "Bara"! Mbona la kwetu ndilo lipewe lebo na la kwenu liende bila?

BARAKA: ...Kwa sababu mtihani haumuulizi mtoto lahaja.

MWANAIDI: Mtihani haujawahi kumuuliza mtu hoho, kaka.

BARAKA: Utamuuliza tungule ya kwenu na nyanya ya kwetu, ni yale yale.

MWANAIDI: Tungule ni neno zuri sana, usiliguse.

BARAKA: Sijaligusa! Jamani, naona dakika tatu zimebaki. Somo la kwanza, haraka: kidahizo cha kitenzi ni shina. Mtoto akitafuta "hawakunipikia" asipate kitu, atadhani neno halipo, kumbe limo kwenye "pika". Kwa hiyo ukiandika kitenzi, weka na mifano ya mnyambuliko...

MWANAIDI: "Pika", mfano: "Bibi alipika mchuzi kwa pilipili boga."

BARAKA: Kwa hoho!

MWANAIDI: Kwa boga. Mfano wangu.

BARAKA: Somo la pili lilikuwa ukurasa wa "paa", maana paa la nyumba, paa mnyama na kupaa angani vyote vinakaa pamoja. La tatu ni kurekodi matamshi kwa Lingua Libre, zana ya mtandaoni, na hilo nililipenda kuliko yote. Hatuna muda.

MWANAIDI: Wiki ijayo.

BARAKA: Wiki ijayo. Leo jioni naufungua ule ukurasa, naweka maana mbili.

MWANAIDI: Nami nitakuwepo.

BARAKA: Mstari wa kwanza usiuguse, dada.

MWANAIDI: Ndio huohuo nitakaoanza nao.